Simu Ilitangulia Sheria

Mwaka 1910, serikali ya kikoloni ilikuwa na majengo pembezoni mwa Nairobi yaliyojengwa kwa ajili ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka huo majengo hayo yalipewa kazi nyingine: kuwaweka watu waliohesabiwa kuwa na wazimu. Leo mahali hapo tunapaita Mathari. Ndiyo hospitali kubwa kuliko zote za magonjwa ya akili nchini Kenya, na ilizaliwa ndani ya karantini.

Naanzia hapo kwa makusudi. Miaka 110 baadaye, ugonjwa mwingine wa kuambukiza uliwafungia watu majumbani, na Wakenya wengi wakatafuta msaada wa akili kwa kupiga simu, kuandika ujumbe, au kukaa mbele ya kioo cha simu wakizungumza na mshauri ambaye hawajapata kukutana naye. Wengi waliliona jambo hilo kuwa jipya, zawadi ya ajabu ya korona. Historia inasema vingine. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa zamani, na swali lenye thamani ni kwa nini ilikaa miaka yote hiyo bila watu wengi kuipita.

Jibu linaanzia kwenye mlango wa Mathari. Hospitali za akili za enzi ya ukoloni zilijengwa kwa fikra ya kutenga, na kutibu kulifuata baadaye, pale kulipofuata. Mzungu, Mhindi na Mwafrika walilazwa sehemu tofauti, na aliyeingia mara nyingi hakuja kwa miguu yake. Kuanzia 1938 hadi 1950 hospitali hiyo ilisimamiwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Aliwahesabu wagonjwa wake na kuona kwamba Waafrika wenye sonona ni wachache mno. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alieleza uchache huo kwa kudai kwamba Mwafrika hana ile hisia ya mtu binafsi kuwajibika na kujilaumu, ambayo kwa maoni yake ndiyo huzaa sonona.

Dai hilo lilisomwa na kuaminiwa kwa muda mrefu, kwa hiyo tulipime. Maelezo ya Carothers yalikuwa kwamba ugonjwa haupo. Watafiti waliomfuata walitoa maelezo ya pili: ugonjwa upo, ila unasemwa kwa lugha nyingine. Mtu wa kwetu aliyesononeka haendi zahanati na kusema ana sonona. Husema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu, halali, ana mawazo mengi. Hupewa vidonge vya maumivu akarudi nyumbani. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini mimi naona yapo ya tatu yaliyo ya msingi zaidi, nayo ni mlango wenyewe. Aliyefikishwa Mathari alifikishwa na polisi au na ndugu waliochoka, kwa sababu alipiga watu, alichoma nyumba au alitembea uchi sokoni. Mwanamke anayelia kimya kimya jikoni hamsumbui chifu. Kwa hiyo hesabu ya daktari ilikuwa hesabu ya waliowasumbua wengine, na waliojisumbua wenyewe hawakuingia daftarini.

Hao walikwenda wapi? Walikwenda kwa mganga, kwa shehe au kwa padri. Pwani walikwenda kwa somo au kwa bibi. Na wengi hawakwenda popote. Magazeti yalipoenea, baadhi yao walianza kuandika barua. Wasomaji wa Taifa Leo wanaijua safu ya Shangazi Akujibu. Wako waliocheka walipoisoma, wakaiona kuwa ya mapenzi na umbea tu. Lakini kwa mwanahistoria, safu kama hiyo ni ushahidi mzito: mtu humwandikia shangazi asiyeijua sura yake, akamweleza jambo ambalo shangazi wa damu hawezi kuambiwa. Umbali, ambao watu huudhani kuwa kasoro, ndio uliomfungua kinywa.

Simu ilikuja kuifanya barua hiyo ijibiwe papo hapo, lakini haikufika mapema. Katika mafua makubwa ya 1918, nchini Marekani, watu waliokuwa wamejifungia ndani waliikimbilia simu, na kampuni za simu zikalazimika kuwaomba wasipige ila kwa jambo la lazima. Wakati ule kila simu iliunganishwa kwa mkono, na waunganishaji wenyewe walikuwa wamelala na homa. Ilibidi kwanza mitambo ijifunze kuunganisha bila mikono, na simu iingie kwenye nyumba za watu wa kawaida, ndipo mtu aweze kumpigia mgeni usiku wa manane.

Aliyeona nafasi hiyo alikuwa kasisi wa Kianglikana mjini London, Chad Varah. Mwaka 1935, akiwa kijana, ibada ya kwanza ya maziko aliyoiongoza ilikuwa ya msichana wa miaka 14. Msichana huyo alianza kupata hedhi, akadhani ameshikwa na ugonjwa wa aibu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumuuliza, alijiua. Varah aliisimulia habari hiyo maisha yake yote. Hata hivyo miaka 18 ilipita kabla hajaanzisha simu yake. Katikati ya karne alisoma kwamba London peke yake watu kama watatu hujiua kila siku, akajiuliza: moto ukiwaka, Mwingereza hupiga 999, je, anayetaka kujiua apige wapi?

Mwaka 1953 alipewa kanisa la Mtakatifu Stephen Walbrook, katikati ya jiji la mabenki, kanisa lenye waumini wachache na kwa hiyo lenye nafasi. Alitaka nambari rahisi kukumbukwa, akafikiria MAN 9000, yaani simu ya mtaa wa Mansion House ikifuatiwa na tarakimu hizo. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliifuta vumbi simu iliyokuwamo kanisani, akampigia mhudumu wa mitambo kuomba abadilishiwe nambari, na alipoulizwa nambari ya sasa ni ipi, akatazama katikati ya kile kizungushio na kukuta imeandikwa MAN 9000. Msomaji anaweza kuamini au kutilia shaka kidogo. Tarehe 2 Novemba 1953 simu hiyo ilipokea mtu wa kwanza, na mwezi uliofuata gazeti la Daily Mirror likaipa huduma hiyo jina la Wasamaria.

Jambo kubwa zaidi lilitokea bila kupangwa. Watu walikuwa wengi kuliko kasisi mmoja, hivyo waliosubiri zamu walipewa chai na watu wa kujitolea, ambao walikaa nao tu wakiwasikiliza. Varah akaanza kuona kwamba wengi, wakishamaliza kuzungumza na yule mletachai, huaga na kwenda zao bila kumtaka yeye. Mapema mwaka 1954 aliwakabidhi wale wa kujitolea simu yenyewe. Hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao leo unatumika karibu kila mahali: anayepokea si lazima awe daktari, ila awe amefundishwa kusikiliza, kutohukumu, na kumtambua anayehitaji daktari. Mwaka 1963 mchungaji Alan Walker alianzisha simu ya namna hiyo Sydney, na mwaka 1974 mtandao wa Befrienders ukaundwa kuieneza kazi hiyo katika nchi nyingine.

Tuliweke akilini jambo moja la kisheria, maana tutalirudia. Simu ya Varah ilipoanza kulia, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Uingereza. Kila aliyempigia na kukiri kwamba alijaribu, alikuwa anakiri uhalifu. Bunge la Uingereza lilifuta kosa hilo mwaka 1961. Kwa miaka minane, basi, simu ilikuwa mbele na sheria nyuma.

Upande wa pili wa Atlantiki, madaktari nao walikuwa wakijaribu kioo. Mwaka 1959, katika taasisi ya magonjwa ya akili ya Nebraska, Cecil Wittson na wenzake walitumia televisheni ya pande mbili kuendesha tiba ya mazungumzo ya kikundi: mtaalamu chumba kimoja, wagonjwa chumba kingine. Waliona kwamba kikundi cha kwenye kioo hakikutofautiana sana na kile cha ana kwa ana. Mwaka 1964 waliunganisha taasisi yao na hospitali ya Norfolk, umbali wa kilomita kama 180. Kwa maneno mengine, kile kilichofanywa na mshauri wa Nairobi mwaka 2020 akiwa na simu mkononi, kilikuwa kimekwisha jaribiwa na kufaulu zaidi ya miaka 50 kabla.

Mwaka 1966 kompyuta yenyewe ikaingia kwenye mazungumzo. Joseph Weizenbaum, katika chuo cha MIT, aliandika programu iliyoitwa ELIZA. Ukiiandikia kwamba una huzuni, ilikuuliza kwa nini una huzuni; ilichokifanya ni kuyageuza maneno yako na kukurudishia. Siku moja katibu wake, aliyekuwa ameiona programu ikitengenezwa na kujua vizuri kwamba haina akili wala moyo, alimwomba Weizenbaum atoke chumbani ili aendelee kuongea nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka, na miaka kumi baadaye aliandika kitabu kizima cha kuwaonya watu. Mimi kinachonishangaza zaidi katika kisa hicho ni lile ombi la faragha. Yule mama hakudanganyika kwamba anaongea na mtu, na bado alitaka mlango ufungwe.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kuwajibu wanafunzi wake kwa kompyuta, wakiuliza matatizo yao bila kutaja majina. Mwaka 1994 Wasamaria wa Uingereza walianza kupokea barua pepe. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wachache walianza kutoza ada kwa tiba ya mtandaoni. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyohamisha umati.

Kwa nini? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni matatu. La kwanza ni la mitambo: intaneti ilikuwa ghali na picha zilikatika. Ni kweli kwa miaka ya 1960, ambapo mradi wa Nebraska uliendeshwa kwa ruzuku ya serikali na waya maalumu. Lakini kufikia 2015 mamilioni ya watu walikuwa wakiongea na jamaa zao kwa video kila wiki, na bado hawakuongea na madaktari wao. La pili ni mazoea ya wataalamu, waliofundishwa kwamba tiba ya mazungumzo huhitaji miili miwili ndani ya chumba kimoja. Lina uzito, ila mazoea peke yake hayadumu pale penye fedha. La tatu ni malipo na sheria. Nchini Marekani, bima ya serikali kwa wazee iliilipia tiba ya video kwa masharti makali: mgonjwa awe anaishi mashambani, tena awe ameketi ndani ya kituo cha afya, si nyumbani kwake. Aliyekuwa na uwezo wa kufika kituoni ndiye aliyeruhusiwa kutibiwa kwa mbali.

Kenya ilikuwa na hadithi yake. Kuanzia 2007, M-Pesa iliwazoesha watu kumaliza mambo mazito kwa simu ndogo ya vitufe: karo, mahari, matanga. Mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya kuwasajili washauri nasaha na wanasaikolojia. Sheria ya Afya ya 2017 iliitambua huduma ya kielektroniki kuwa njia halali ya kutoa tiba, na mwaka 2019 ikafuata sheria ya kulinda taarifa za watu. Kwa maandishi, basi, mlango ulikuwa wazi. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuupitia: sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na madaktari bingwa wa akili walikuwa kama mia moja tu, wengi wao mijini. Mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta aliizungumzia sonona hadharani, na mwezi Desemba serikali iliunda jopokazi chini ya Daktari Frank Njenga lizunguke nchi kuwasikiliza wananchi. Jopokazi lilikuwa bado kazini korona ilipoingia.

Ilianzia China. Mji wa Wuhan ulifungwa tarehe 23 Januari 2020, na siku tatu baadaye Tume ya Afya ya nchi hiyo ilitoa mwongozo wa kushughulikia misukosuko ya akili wakati wa mlipuko. Katika majuma yaliyofuata mamia ya simu za ushauri zilifunguliwa. Kasi hiyo ilitokana na somo la zamani, kwa sababu mlipuko wa SARS wa 2003 na tetemeko la Sichuan la 2008 vilikuwa vimewafundisha kwamba majeraha ya akili huchelewa kuonekana.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Ndani ya siku chache shule zilifungwa. Machi 27 ilianza kafyu, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwanzoni mwa Aprili ikapigwa marufuku kutoka au kuingia Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale, na marufuku hiyo ikadumu hadi Juni kwa Kilifi na Kwale, na hadi Julai kwa Nairobi na Mombasa. Ni rahisi kusema kwamba watu walisononeka kwa kuogopa ugonjwa, lakini hofu ilikuwa sababu moja tu. Kazi za kutwa zilikatika na kodi ya nyumba haikusubiri. Baba aliyekuwa akionekana usiku tu alishinda ndani mchana kutwa. Waliotiliwa shaka waliwekwa karantini ya lazima, na waliotoka waliepukwa na majirani. Na matanga, ambayo kwetu ndiyo dawa kongwe ya huzuni, yalipunguzwa: watu wachache, muda mfupi, hakuna kulala msibani. Ukiuliza ni amri gani iliyoumiza moyo kuliko zote, mimi nitataja hiyo.

Wakati huo huo njia ya kawaida ya kupata msaada ilifungwa. Kliniki zilipunguza wagonjwa, nauli zilipanda kwa kuwa matatu zilitakiwa kubeba abiria wachache, na watu waliogopa hospitali. Ndipo simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, nambari 1199, ikawa mahali pa kukimbilia kwa ushauri wa kisaikolojia. Washauri binafsi nao walihamia kwenye WhatsApp na video. Hata kulipa kulirahisika, kwani katikati ya Machi ada za M-Pesa zilikuwa zimeondolewa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000.

Tuingie ndani ya simu moja ya namna hiyo. Anayepokea hujitambulisha na kuuliza kwanza kama mpigaji yuko salama hapo alipo. Halafu hunyamaza. Mpigaji huanza mbali: kazi, kodi, mtoto aliyefukuzwa shule kabla ya shule kufungwa. Mshauri humrudishia alichosikia kwa maneno mengine, ili mpigaji ajue kwamba amesikika. Yakitokea maneno kama "nimechoka na dunia", mshauri hapindishi. Huuliza waziwazi kama ana mawazo ya kujiua. Wengi hudhani swali hilo linaweza kumpandikizia mtu wazo. Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba sivyo. Kuulizwa humpunguzia mtu mzigo wa kuficha.

Mafunzo hayo yalitungwa kwa chumba tulivu, na hapo ndipo shida ilipoanza. Katika ushauri, ukimya ni chombo cha kazi: mshauri huuacha ukae mpaka mwenye shida aujaze mwenyewe. Kwenye mtandao dhaifu ukimya huwa na maana nyingine. Sekunde tatu zikipita, upande wa pili husikika: "Halo? Halo? Upo? Wanisikia?" Na lile neno lililokuwa likipanda kooni hurudi chini. Wengi waliiacha video na kurudi kwenye sauti tupu, ambayo haili bando na haimlazimishi mtu kuonyesha godoro lililo nyuma yake.

Kisha ni mahali pa kuongelea. Familia ya watu sita ndani ya chumba kimoja katika mitaa ya Mathare au Kibera haina mlango wa kufunga. Mchana mtu angeweza kutoka, akasimama ngazini au nyuma ya bafu la ploti. Saa moja jioni kafyu ilimrudisha ndani, na mawazo mabaya hupenda usiku. Mwenye gari alijifungia garini. Mke aliyepigwa alikuwa na mume aliyempiga mita mbili kutoka kwake, na mara nyingi simu yenyewe ilikuwa ya mume huyo. Faragha, ile ile aliyoiomba katibu wa Weizenbaum, iligeuka kuwa bidhaa, na kama bidhaa nyingine haikuwafikia wote sawa.

Sasa turudi kwenye yale maelezo matatu, kwa kuwa Marekani ilitoa jaribio ambalo mwanahistoria hulipata kwa nadra. Tarehe 17 Machi 2020 serikali yake ilitangaza kwamba bima ya wazee italipia tiba ya mbali popote alipo mgonjwa, na kwamba mtabibu anayetumia kwa nia njema programu za video za kawaida hataadhibiwa kwa sheria ya siri za wagonjwa. Tarehe 16 na tarehe 18 simu zilikuwa zile zile, intaneti ile ile, wataalamu wale wale. Kilichobadilika ni ruhusa na malipo, na tiba ya akili ikahamia kwenye vioo ndani ya majuma machache. Mtetezi wa mazoea atasema hofu ya kuambukizwa ingewahamisha vyovyote iwavyo, na siwezi kumkatalia kabisa. Lakini hofu ilipopungua na watu wakaanza kurudi kwenye maduka na makanisa, tiba ya akili ilibaki mtandaoni kuliko matawi mengine mengi ya tiba. Huo kwangu ni ushahidi kwamba mazoea hayakuwa na mizizi mirefu kama ilivyodhaniwa.

Kwetu jaribio hilo linatoa jibu la namna nyingine. Shirika la Afya Duniani liliziuliza nchi 130 kati ya Juni na Agosti 2020, na asilimia 93 zilisema huduma zao za akili zimevurugika. Nchi zenye kipato kikubwa zilizohamia kwenye tiba ya mbali zilizidi asilimia 80. Zenye kipato kidogo hazikufika 50. Nchini Kenya sheria haikuwa kizuizi kikubwa cha tiba ya mbali. Kizuizi kilikuwa kile kile cha siku za Carothers, yaani uchache wa watu wa kusikiliza.

Mfano wa nchi iliyokwisha kulifikiria jambo hilo ni Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua kwa sababu familia ilikosa nauli ya basi, kama dola 15, ya kumrudisha hospitali. Kuanzia 2006 aliwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kusikiliza na kusaidia kutatua matatizo, wakikaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 573, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Korona ilipoingia, benchi likahamia kwenye simu. Angalia jinsi linavyofanana na chai ya Varah: kwa pande zote mbili, kazi ilipanuka pale mtaalamu alipokubali kumpisha mtu wa kawaida aliyefundishwa.

Yapo ambayo simu haikuyaweza. Haikumfikishia dawa mgonjwa wa Kwale aliyezoea kuzifuata Mombasa, mji ambao sasa ulikuwa umefungwa. Haikumwona mtu ambaye ugonjwa umemwondolea utambuzi kwamba anaumwa. Ilimsaidia zaidi yule mwanamke wa jikoni kuliko yule aliyetembea uchi sokoni, yaani iliwaona wale hasa ambao Mathari haikuwaona, na ikawakosa wale ambao Mathari ilijengewa.

Jopokazi la Daktari Njenga lilitoa ripoti yake Julai 2020, likapendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya taifa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na mwezi Juni mwaka huo Kenya ikairekebisha sheria yake ya afya ya akili.

Kifungu kimoja kilibaki kama kilivyokuwa. Katika muda wote ambao washauri walikuwa wakipokea simu na kuwasihi wapigaji waseme kilichowasibu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichorithiwa kutoka kwa Mwingereza, kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na adhabu yake iliweza kufika miaka miwili jela. Mwingereza mwenyewe alikuwa ameifuta sheria yake mwaka 1961, kabla Kenya haijapata uhuru. Kenya iliishika kwa miaka mingine zaidi ya 60. Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025.